Sungura ndani ya kontena: miezi saba na RabbitMQ kwenye duka la gesi Sinza

Mteja wa Sinza Palestina aliagiza mtungi mmoja wa kilo 15, akaletewa miwili. Bodaboda wa kwanza alifika akapokewa vizuri. Wa pili akafika dakika kumi baadaye na mtungi wake umefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, akaambiwa arudi nao alikotoka. Mama mwenye duka akanipigia. "Mwanangu, hii kompyuta yako inanitia hasara." Nikamwambia naja, mama, maana sikuwa na lingine la kusema.

Kosa lilikuwa langu. Programu niliyomwandikia ilikuwa inapokea oda kutoka kwa dada wa kaunta, inaiandika kwenye hifadhidata, halafu palepale inamtumia bodaboda SMS kupitia kampuni moja tunayonunua kwao huduma hiyo. Ukurasa unasubiri mpaka SMS iende. Siku mtandao ukiwa mzito, kusubiri kunafika nusu dakika. Dada anaona kiduara kinazunguka, simu nyingine inaita, anabonyeza tena. Oda mbili, pikipiki mbili, mitungi miwili.

Dawa yake inajulikana: tenganisha kupokea oda na kutuma SMS. Oda ikishaandikwa, ujumbe unawekwa kwenye foleni, dada anaendelea na simu yake, na skripti nyingine pembeni inachukua ujumbe mmoja mmoja na kutuma. SMS ikichelewa, inachelewa yenyewe bila kumshika mtu. Najua kumwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba foleni ndiyo itakayomwokoa ni kumtania, hasa kama asubuhi hiyo ametokea Mbezi. Lakini ndivyo ilivyo.

Nilichagua RabbitMQ, programu ya kutunza foleni za ujumbe kati ya programu na programu, nikaiwasha kwa Docker, chombo kinachoendesha programu ndani ya kisanduku chake, yaani kontena. Nina miezi saba nayo sasa. Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki nitaeleza ilipoangukia.

Kwanza ujue anayekueleza ni nani. Nilianzia Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nikiflashi simu na kubadilisha vioo. Python nimejifunza usiku, kwa bando la usiku. Mashine ya duka ni kompyuta ndogo iliyotumika, RAM giga 8, ina Ubuntu, imekaa chini ya kaunta jirani na mizani ya kupimia mitungi. Kwa hiyo sipimi RabbitMQ ya mabenki yenye seva kumi. Napima ile anayoiwasha mtu mmoja kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), asiye na timu wala bajeti.

Na kuiwasha ni raha tupu, sitadanganya. Ukishakuwa na Docker, ni mstari mmoja:

docker run -d --name sungura -p 5672:5672 -p 15672:15672 rabbitmq:4-management

Imeji, yaani kifurushi cha programu, ikishashuka (ivute kwa Wi-Fi, usiichezee na bando la siku), kitu kinaamka. Poti 5672 ndiyo programu zako zinapoingilia. Poti 15672 ni ukurasa wa usimamizi, unaufungua kwenye kivinjari unaona foleni zako na grafu zinavyopanda na kushuka. Nililipa kontena jina la sungura kwa sababu ya neno rabbit, na jina likaganda. Dukani hakuna anayesema RabbitMQ. Wanasema Sungura, na kwa kuwa sungura wa hadithi za bibi zetu ni mjanja kuliko wote msituni, mama aliikubali siku ileile.

Ndani yake imeandikwa kwa Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson kule Uswidi miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu. Mimi mtu wa simu nilijisikia nyumbani. Utaratibu wake wa mazungumzo, AMQP, ulianzia kwenye benki, JPMorgan Chase, mwaka 2003, na RabbitMQ yenyewe ikatoka mwaka 2007. Ni programu huria, hulipii chochote.

Kilichonisumbua kuelewa siku za mwanzo ni kile wanachokiita exchange. Nilidhani ujumbe unautupa moja kwa moja kwenye foleni. Sivyo. Nikaja kuelewa nilipokuwa nimesimama stendi ya Makumbusho nasubiri gari. Mpiga debe habebi abiria hata mmoja. Anasikia unakokwenda, anakuelekeza kwenye gari lako: wa Mbagala kule, wa Kawe huku. Exchange ndiyo huyo mpiga debe. Foleni ndiyo gari. Unakokwenda ni neno fupi unalolibandika kwenye ujumbe. Ila kuna tofauti moja ya kuogopesha: stendi ukikosa gari unabaki umesimama pale ukilalamika, lakini hapa ujumbe usio na gari unatupwa kimyakimya, isipokuwa kama umeuwekea alama ya mandatory ili urudishwe kwako. Niliwahi kuandika sms.order kwenye programu wakati foleni imefungwa kwa sms.oda. Saa nzima nikatafuta ujumbe ambao haupo popote duniani.

Wiki ya kwanza nilijiona bingwa. Dada akibonyeza, ukurasa unajibu papo hapo. Mitungi miwili miwili ikaisha. Nikawa napita dukani kama mtu aliyejenga daraja.

Halafu umeme ukakatika, na betri ya UPS ilikuwa imekufa zamani.

Umeme uliporudi, foleni ilikuwepo, ila tupu. Oda tisa hazikwenda kwa bodaboda. Nilikuwa nimeitangaza foleni kuwa ya kudumu, durable=True, nikadhani yaliyomo nayo yatadumu. Kudumu kwa foleni ni habari ya gari. Abiria nao kila mmoja anatakiwa kuwekewa alama yake: delivery_mode=2. Usipoiweka, mashine ikizimwa ujumbe unapotea, na gari linarudi stendi likiwa jeupe. Ukitaka kulala kabisa, washa na confirm_delivery, ili Sungura akuthibitishie kwamba ameupokea na kuuhifadhi kabla wewe hujaendelea na mambo yako. Haya yote yameandikwa kwenye maelekezo yao, tena vizuri. Mstari mmoja wa kuwasha ndio unaokufanya uone hakuna haja ya kusoma.

Sasa nije kwenye ile nyota iliyoanguka.

Ilikuwa Jumamosi jioni, saa ambayo watu wanapika. Kampuni ya SMS ilikuwa imelala tangu saa kumi. Nikasimamisha skripti ya kutuma, nikaacha oda zijipange, na dada akawa anawapigia bodaboda kwa mdomo zile za haraka. Nikaangalia foleni:

docker exec sungura rabbitmqctl list_queues name messages_ready messages_unacknowledged consumers

Ikajibu:

sms.oda 23 0 0

Yaani ujumbe 23 unasubiri, hakuna ulioko mkononi mwa mtu, hakuna skripti inayosikiliza. Safi. Nikasema kwa kuwa nimekaa bure, ngoja nirekebishe kitu kimoja: Sungura hakuwa na amri ya kujiwasha mwenyewe mashine ikiwaka. Wakati huo data yake nilishaiwekea voliumu, hifadhi inayobaki hata kontena likifutwa, -v sungura_data:/var/lib/rabbitmq, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nikasimamisha kontena, nikalifuta, nikaliwasha jipya na --restart unless-stopped. Amri tatu, dakika haijaisha. Nikaangalia tena foleni.

sms.oda 0 0 0

Nilihisi tumbo linashuka. Nikafungua ukurasa wa usimamizi: nywila inakubali, foleni ipo, kila kitu kijani. Hakuna kosa hata moja kwenye logi, kumbukumbu za matukio yake. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba hakikulalamika. Dada akaniuliza, "Kaka, vipi, imekubali?" Nikamwambia subiri kidogo, kwa ile sauti ya fundi aliyemwaga skrubu za mteja sakafuni.

Nikaingia ndani kutazama:

docker exec sungura ls /var/lib/rabbitmq/mnesia

Nikakuta folda mbili. Moja inaitwa rabbit@ ikifuatiwa na herufi na namba kumi na mbili, na nyingine inaitwa rabbit@ ikifuatiwa na herufi na namba kumi na mbili nyingine kabisa. Nikazitazama mpaka nikaelewa. RabbitMQ inahifadhi data yake kwa jina la mashine. Docker nayo, usipoipa jina la mashine, inalipa kila kontena jipya jina la kubahatisha, ile namba yake ya utambulisho. Kontena la zamani lilikuwa na jina lake na folda yake. Jipya likazaliwa na jina jipya, likatazama kwenye voliumu, halikuona folda yenye jina lake, likajifungulia nyingine. Likaunda mtumiaji upya kwa nywila ileile niliyoipa, programu yangu ikatangaza foleni upya, na mimi nikaona kila kitu kiko sawa. Ujumbe wangu 23 ulikuwa palepale kwenye voliumu, chumba cha pili, mlango umefungwa.

Nikafuta kontena tena, nikaliwasha na --hostname ikiwa ni ile namba ya folda ya zamani. Nikahesabu mpaka ishirini. list_queues.

sms.oda 23 0 0

Sikumwambia mama. Nilipotoka nje nikanunua mishikaki minne.

Tangu hapo namwasha hivi, na kama utachukua kitu kimoja humu, chukua hiki:

docker run -d --name sungura --hostname sungura --restart unless-stopped -v sungura_data:/var/lib/rabbitmq -p 127.0.0.1:5672:5672 -p 127.0.0.1:15672:15672 -e RABBITMQ_DEFAULT_USER=gesi -e RABBITMQ_DEFAULT_PASS=nywila_yako rabbitmq:4-management

Na nikaja kugundua kwamba siku ile sikuwa na haja ya kufuta chochote. docker update --restart unless-stopped sungura ingetosha, kontena likiendelea kufanya kazi zake.

Hiyo 127.0.0.1 mbele ya poti, anwani inayoifanya poti ifikiwe kutoka ndani ya mashine yenyewe tu, nayo ina hadithi. Mwanzoni nilitumia mtumiaji wa kuzaliwa nao, guest, nywila guest. Kwa kawaida RabbitMQ inamkataa guest akitokea nje ya mashine yenyewe, lakini imeji rasmi ya Docker imeulegeza ulinzi huo ili watu wasihangaike wakijaribu. Nilikuwa nimewasha ufw, ukuta wa Ubuntu wa kuzuia wanaoingia kutoka nje, nikajua nimefunga. Sikujua kwamba Docker ikifungua poti inapitia iptables yenyewe, zile kanuni za mtandao zilizo chini ya ufw, na ufw haiulizwi. Wi-Fi ya duka tunagawana na kijana wa saluni ya jirani. Siku moja akanitumia picha ya skrini ya ukurasa wangu wa usimamizi kwenye simu yake, na maneno, "Bro, huyu sungura ni wa kwako?" Alikuwa mwungwana. Angeweza kuifuta foleni nzima kwa kidole.

Halafu kuna mtego mdogo kwenye nywila: hizo RABBITMQ_DEFAULT_USER na PASS zinasomwa mara moja tu, database ikiwa tupu. Ukiibadilisha baadaye kwenye amri ya kuwasha, haibadiliki kitu. Tumia rabbitmqctl change_password.

Tatizo la mwisho kubwa lilikuwa la kuchekesha. Bodaboda mmoja alipata SMS ileile mara sita. Kilo 6, Mwananyamala, nyumba ya geti la bluu. Akadhani ni oda sita za mtaa mmoja, akaja dukani anatabasamu, anataka apakiwe zote. Skripti yangu ilikuwa inaita kampuni ya SMS bila kuweka kikomo cha kusubiri. Kampuni inapokea ujumbe, inautuma, ila jibu linakawia dakika mbili, tatu. Muda wote huo skripti imeganda, haimjibu Sungura mapigo yake ya moyo. Kwa kawaida baada ya sekunde 60 za ukimya anakuhesabu umekufa, anakata mawasiliano, na ujumbe ambao hujakiri kuupokea anaurudisha kwenye foleni. Skripti inazinduka, inaunganisha upya, inachukua ujumbe uleule, inatuma tena. Sungura hakukosea hapo. Yeye anaahidi ujumbe utafika, hajawahi kuahidi utafika mara moja tu. Nikaweka kikomo cha sekunde 20, nikaweka prefetch, idadi ya ujumbe ambao skripti inashika kwa wakati mmoja, iwe 1, na kabla ya kutuma skripti inaangalia namba ya oda kama SMS yake ilishakwenda.

Diski ikijaa, nayo ujue: nafasi ikishuka chini ya mega 50, RabbitMQ inawazuia wote wanaoleta ujumbe, na programu yako inaganda bila kutupa kosa. Mimi aliyenijazia diski alikuwa kontena jingine lenye logi zisizokatwa. Weka max-size kwenye logi za Docker na uendelee na maisha.

Kuhusu kuiendesha kwa amri tupu, hapa ndipo napapenda hasa. Ukurasa wa usimamizi ni mzuri kwa kumwonyesha mama grafu, lakini mimi kazi zangu naziendesha kwa simu nikiwa kwenye daladala, kwa SSH, njia ya kuandikia mashine amri ukiwa mbali, mtandao wa kusuasua. Mistari mitatu ya maandishi inafika pale ambapo ukurasa wenye grafu haufunguki. Nimejitengenezea alias, jina fupi la amri ndefu, naandika sungura tu napata hesabu. purge_queue inamwaga foleni, isome mara mbili kabla hujagonga Enter. Na ile ninayoiheshimu kuliko zote ni rabbitmqctl await_startup, kwa sababu docker ps itakuambia kontena liko juu sekunde ya tatu wakati Sungura mwenyewe bado anavaa viatu. Skripti ikikimbilia kuunganisha muda huo inakataliwa. Nikaweka await_startup mbele ya skripti, kelele zikaisha.

Uzito wake? Kwenye mashine yangu docker stats inasoma kati ya mega 130 na 160 za RAM ikiwa imetulia. Kwa giga 8 sijausikia. Toleo nimelifunga kwenye 4-management na sigusi latest, lebo inayofuata toleo jipya kila linapotoka, kwa sababu kutoka 3 kwenda 4 kuna vitu vya kuwasha kwanza kwenye lile la zamani, feature flags wanaziita, na usipoziwasha jipya linakataa kuamka.

Watu wananiuliza kwa nini si Kafka, mfumo mwingine wa kupitisha ujumbe, wa kazi kubwa. Kafka kwa duka la gesi Sinza ni kukodi semitrela ikapeleke mtungi mmoja Kijitonyama. Kama mtu angeniuliza kwa nini si jedwali tu kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, huyo ningemkalisha chini tukaongea, maana kwa oda sitini kwa siku jedwali lenye SELECT ... FOR UPDATE SKIP LOCKED, amri inayoruka mistari iliyoshikwa na mwingine, lingeweza kabisa. Ningejiepusha na hadithi nusu ya hizi. Nilichopata kwa Sungura ambacho jedwali lisingenipa kirahisi ni ile tabia ya kurudisha ujumbe mwenyewe skripti ikifa, na kuongeza skripti ya pili ya kutuma siku za sikukuu bila kugusa mstari wa programu. Mkesha wa Idi niliwasha tatu kwa pamoja, wakagawana kazi wenyewe kama makondakta waliokubaliana.

Juzi umeme ulikatika saa kumi na moja alfajiri, ukarudi saa moja. Nilikuwa bado Tabata, sijanywa hata chai. Simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Sungura ameamka?"

Nikafungua terminali kwenye simu, nikaandika neno moja. sms.oda 0 0 1. Oda nne zilizolala usiku zilishakwenda.

"Ameamka, mama. Tena kashakula."

"Haya. Mwambie na huyo bodaboda wa Mori aamke."